Timu Hulelewa, Hainunuliwi Sokoni



Mechi ikiisha pale Kamarampaka, watu hawaendi nyumbani mara moja. Husimama makundi makundi kando ya barabara, wakibishana. Huyu ni mchumaji wa chai kutoka Shagasha, yule ametoka zamu katika kiwanda cha simenti kule Bugarama, mwingine ni kibarua wa mpunga. Ubishi wao ni ule ule kila mara: timu ina kasoro gani, na dawa yake ni nini? Na jibu la wengi ni lile lile: "Leteni wachezaji! Pesa itolewe, anunuliwe mshambuliaji, mambo yatanyooka."

Sisi tunaoandika ukurasa huu tumo katika ubishi huo, na tumo upande wa wachache. Maoni yetu ni kwamba timu hulelewa, hainunuliwi sokoni. Mwenye kununua wachezaji kumi kila msimu, na kuwaacha wengine kumi waende zao, hana timu. Ana orodha ya majina. Tena twaongeza jambo la pili, ambalo washabiki wengi hawapendi kulisikia: mchezaji ni mfanyakazi. Ukimtaka akae, mlipe ujira wake kwa wakati, na mpe mkataba anaoweza kuusoma.

Tutaeleza sababu zetu.

CHAI HAICHUMWI MWAKA ULIOPANDWA

Kila aliyefanya kazi kwenye chai anaijua habari hii. Mche hukaa kitaluni kwanza, chini ya kivuli. Ukishahamishiwa shambani, hupita miaka miwili au mitatu ya kupalilia na kupogoa kabla ya kuanza kuchuma kwa kweli. Baada ya hapo kichaka kitatoa majani kwa makumi ya miaka. Hatujaona meneja anayeng'oa shamba zima kila mwaka eti amesikia kwa jirani kuna miche mirefu zaidi. Lakini katika mpira twafanya hivyo hivyo, kisha twashangaa mavuno hayaji.

Espoir, timu ya wilaya yetu ya Rusizi, ilishuka kutoka ligi kuu mwaka 2023. Siku zile wengi walitafuta wa kumlaumu: mara kocha, mara mwamuzi, mara safari ndefu ya basi kupitia msitu wa Nyungwe. Hatutaki kumhukumu mtu hapa. Twauliza swali moja tu: timu inaposhuka daraja, inabaki na nini? Ikiwa wachezaji wake wote ni wa kununuliwa, watafunga virago na kwenda, na hapatabaki kitu ila jezi na deni. Ikiwa ina watoto iliowalea, inabaki na mbegu.

TAIFA ZIMA LIMEKWISHA KUJIFUNZA

Jambo hili si la Rusizi peke yake. Tukumbuke mwaka 2011. Mwezi wa Januari mwaka ule Rwanda iliandaa mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17, na vijana wetu wakafika fainali. Walifungwa na Burkina Faso mabao 2 kwa 1, lakini walikuwa wamekwisha kupata tiketi ya kwenda Kombe la Dunia la vijana nchini Mexico. Kule hawakushinda mechi, walitoka sare moja tu, na Kanada. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza Rwanda kucheza Kombe la Dunia la rika lolote. Vijana wale hawakuokotwa wiki moja kabla ya mashindano. Walikusanywa mapema, wakakaa pamoja, wakafundishwa pamoja.

Baadaye waliwekwa katika timu moja iliyoitwa Isonga, wakacheza ligi kuu wakiwa bado wadogo. Walifungwa mara nyingi, na watu wakawacheka. Lakini kutoka kundi lile Emery Bayisenge na wenzake kadhaa walipanda hadi Amavubi ya wakubwa. Makosa yetu ni kwamba kitalu chenyewe hakikutunzwa. Vijana walichukuliwa mmoja mmoja na timu kubwa, na Isonga ikatoweka katika ligi kuu. Mkulima aliyeuza miche yote na kubomoa kitalu, mwaka ujao atapanda nini?

Sasa tazameni mwaka 2014. Amavubi waliitoa Kongo-Brazzaville kwa penalti mjini Kigali, katika kutafuta nafasi ya Kombe la Afrika la 2015. Watu walicheza barabarani. Shangwe hizo hazikumaliza mwezi. Ilionekana kwamba mshambuliaji aliyejulikana Rwanda kwa jina la Daddy Birori alikuwa akijulikana Kinshasa, katika timu ya AS Vita, kwa jina lingine na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Shirikisho la Afrika likaiondoa Rwanda, na Kongo-Brazzaville ikarudishwa. Hatumlaumu kijana yule aliyekuwa akitafuta riziki kwa miguu yake, na mabao matatu aliyowafunga Libya mwaka ule ule hakuyaota. Twalaumu njia ya mkato. Timu ya taifa zima iliegemea karatasi mbili zisizolingana, na karatasi zikachanika.

HATUSEMI WAGENI WAFUKUZWE

Hapa kuna wale wataturukia wakisema: "Basi mwataka Wanyarwanda watupu!" La hasha. Sisi watu wa Cyangugu tumeishi na daraja la Rusizi mbele ya macho yetu. Tumenunua samaki kwa watu wa Bukavu, tumewauzia mboga, tumecheza nao mpira, na Kiswahili hiki twakitumia pamoja nao. Mtu wa mpakani akimchukia mgeni, atakuwa anamchukia shemeji yake.

Tena mifano haiko upande mmoja. Timu ya APR iliamua mwaka 2012 kutumia wachezaji wa Rwanda peke yao. Ilikaa hivyo miaka 11, hadi 2023. Katika miaka hiyo ilichukua ubingwa wa nchi mara nyingi, na vijana wengi walipata nafasi ambayo wasingeipata. Lakini nje ya nchi haikufika hatua ya makundi ya mashindano ya Afrika, na hilo ni miongoni mwa mambo yaliyoirudisha kwenye wachezaji wa kigeni. Rayon Sports, kwa upande wake, mwaka 2018 ilikuwa na mchanganyiko wa wenyeji na wageni. Katika Kombe la Shirikisho la Afrika ilitoka kundi moja na USM Alger ya Algeria, Gor Mahia ya Nairobi na Yanga ya Dar es Salaam, ikafika robo fainali. Hakuna timu ya Rwanda iliyokuwa imewahi kufika hapo.

Sasa mbona twasema kununua si dawa? Kwa sababu ya yaliyofuata. Rayon ile ilichukua ubingwa wa msimu wa 2018-19, kisha ikatawanyika. Kocha aliondoka, wachezaji wakaondoka, wengine wakaja, wakaondoka nao. Misimu sita iliyofuata, hadi ule wa 2024-25, ubingwa wote ulikwenda kwa APR. Basi tatizo halikuwa mgeni wala mwenyeji. Tatizo ni kukaa. Mgeni anayekaa miaka minne, akamfundisha kijana wa hapa namna ya kusimama mbele ya goli, ni faida kwa wote. Mwenyeji anayekaa miezi sita ni msafiri kama wasafiri wengine.

UJIRA UKICHELEWA, MIGUU INAKUWA MIZITO

Kwa nini mchezaji hakai? Hapa ndipo washabiki wengi hunyamaza, na hapa ndipo sisi wafanyakazi tunapopaswa kusema, kwa maana jambo hili twalijua kwa ngozi yetu.

Tunaijua timu moja, jina lake tunaliacha, ambayo wachezaji wake walimaliza miezi mitatu bila mshahara. Mwenye nyumba aliwafungia mlango. Walikula kwa mkopo katika duka la mtaani. Jumamosi wakaingia uwanjani, wakafungwa, na sisi washabiki tukawaita wavivu. Mmoja wetu alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Jumatatu, kiwandani, akakumbuka mwezi ambao yeye mwenyewe hakulipwa kwa wakati, na jinsi mfuko wa simenti ulivyokuwa mzito kupita siku zote. Tangu siku hiyo hajamzomea mchezaji.

Mtu atatuuliza: "Nyinyi mnasema mchezaji akae. Je, mwataka afungwe kamba? Mfanyakazi hana haki ya kwenda kwenye ujira mzuri zaidi?" Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba anayo haki hiyo, na sisi ndio wa kwanza kuitetea. Lakini tumewaona wafanyakazi wengi wakihama, na wengi wao hawakukimbia kazi. Walikimbia ahadi zisizotimizwa. Mahali anapolipwa na kuheshimiwa, mtu hujenga nyumba, huoa, na watoto wake huanza shule hapo. Huyo hata akiitwa na Kigali, atafikiri mara mbili. Na akiondoka, ataondoka kwa heri, na timu iliyomlea itapata fungu lake.

MAHASIMU WA NORTH CAROLINA

Vijana wetu wanatuambia: "Wazee, mpira wa miguu mmeuzoea, tazameni na mpira wa kikapu." Nasi tumetazama. Tangu mwaka 2019 Kigali ina ukumbi mkubwa wa watu 10,000, na mwaka 2021 ligi mpya ya Afrika ya mpira wa kikapu ilianza humo. Katika timu ya Patriots ya Kigali alikuwamo mwimbaji maarufu wa Marekani, J. Cole. Alicheza mechi tatu, akarudi kwao. Watu wengi walifurahi kumwona. Lakini mchezaji mmoja wa timu ya Morocco alisema waziwazi kwamba nafasi ile ilikuwa kazi ya mtu mwingine, aliyejitolea maisha yake kwa mchezo. Sisi tuliyasikia maneno hayo kwa masikio ya wafanyakazi, na tuliyakubali.

Mwimbaji huyo amekulia North Carolina, na jimbo hilo lina uhasama wa michezo ambao vijana wetu wanaufuata kwenye simu zao kama sisi tunavyofuata APR na Rayon. Ni uhasama wa vyuo vikuu viwili, Duke na North Carolina. Kati ya chuo na chuo ni kama kilomita 16, umbali ambao mtu wa kwetu huutembea kwa miguu asubuhi moja. Walianza kukutana mwaka 1920.

Kilichojenga uhasama huo si fedha peke yake. Ni watu waliokaa. North Carolina ilikuwa na kocha Dean Smith kwa misimu 36, kutoka 1961 hadi 1997. Duke ilikuwa na Mike Krzyzewski kwa misimu 42, kutoka 1980 hadi 2022. Wachezaji nao walikuwa wakikaa miaka mitatu au minne, wakiingia watoto na kutoka watu wazima. Hata Michael Jordan alikaa misimu mitatu kwa Smith. Kocha huyo aliwafundisha vijana wake desturi ndogo ambayo twaipenda sana: aliyefunga kikapu amwonyeshe kidole yule aliyempa pasi, ili ukumbi mzima umjue. Ingekuwa hivyo viwandani, wakati wa kusoma hesabu za faida, vidole vingi vingeelekezwa kwetu!

Ajabu ni kwamba, katika miaka yote hiyo, vyuo hivi havikuwahi kukutana katika mashindano ya taifa ya vyuo hadi Aprili 2022, kwenye nusu fainali. North Carolina ilishinda 81 kwa 77, na hiyo ikawa mechi ya mwisho ya Krzyzewski. Mzee aliyeshinda ubingwa wa taifa mara tano alifungiwa mlango na jirani yake.

Lakini mambo yalikwisha kubadilika. Ligi ya kulipwa ya Marekani iliweka sheria, kuanzia 2006, kwamba kijana asiingie humo moja kwa moja kutoka shule ya sekondari. Basi walio hodari wakawa wanapita chuoni mwaka mmoja tu, kama abiria anayesubiri basi. Na mwaka huo mmoja walicheza bila mshahara. Walipewa masomo, chakula na kitanda. Makocha walipokea mamilioni ya dola kwa mwaka, na vyuo, televisheni na kampuni za viatu zikagawana yaliyobaki.

Tarehe 20 Februari 2019 mahasimu hao walikutana Duke. Tiketi ziliuzwa kwa maelfu ya dola, na Barack Obama mwenyewe, ambaye baba yake alitoka Kenya, alikuwa ukumbini. Watu wote walikuja kumwona kijana wa miaka 18, Zion Williamson. Kabla ya dakika moja kumalizika, kiatu chake kilipasuka, mguu ukateleza, goti likaumia, akatoka nje. North Carolina ikashinda. Ukumbi mzima uliingiza fedha usiku ule, isipokuwa yule aliyeumia. Mungu bariki, alipona na baadaye akaingia ligi ya kulipwa. Je, asingepona?

WACHEZAJI WALIOPIGA KURA

Wafanyakazi, sikilizeni na hili. Katika chuo kingine cha Marekani, kinachoitwa Dartmouth, wanafunzi wanaohudumu katika ukumbi wa chakula waliunda chama chao mwaka 2022. Wachezaji wa mpira wa kikapu wa chuo hicho waliliona jambo hilo, wakajiuliza: "Kama anayegawa chakula ni mfanyakazi, sisi ni nani?" Tarehe 5 Machi 2024 walipiga kura. Walikuwa 15. Waliotaka chama walikuwa 13, waliokataa 2. Wakajiunga na tawi la chama ambalo tayari lilikuwa na wafanyakazi wa mikono wa chuo hicho hicho.

Chuo kilikataa kukaa nao mezani. Mwisho wa mwaka huo huo waliondoa ombi lao, wakihofia kwamba serikali mpya ingebadilisha baraza la kazi na kuwaharibia wengine njia. Hawakushinda siku hiyo. Lakini mwezi wa Juni 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji wenyewe, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza. Jambo lililosemwa kwa miaka mingi kuwa haliwezekani likawezekana.

Wapo waliolia kwamba fedha itaua uhasama wa Duke na North Carolina. Sisi hatuamini hivyo. Uhasama haukuwa mtamu kwa sababu vijana hawakulipwa. Ulikuwa mtamu kwa sababu walikaa wakajuana. Atakayetunga mikataba ya kumfanya kijana akae na alipwe ndiye atakayeuokoa.

TUFANYE NINI RUSIZI?

Hatuna dola milioni 20. Tuna faranga chache, tuna mikono, na tuna watoto wengi wanaocheza kwa mpira wa majani ya ndizi. Basi tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kabla ya kuchanga pesa ya mshambuliaji, tuchange ya mipira na ya mwalimu wa watoto. Samaki mkunje angali mbichi. Uwanja wa watoto waweza kusafishwa siku ya umuganda, bila gharama.

Pili, kila mtoto anayefundishwa aandikwe katika daftari: jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa iliyo ya kweli, mwaka alioanza, kisha asajiliwe katika shirikisho kama ipasavyo. Tangu 2001 sheria za FIFA zinatambua kwamba timu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 21 zina haki ya fidia anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine. Asiye na karatasi hapati kitu. Na tumeona mwaka 2014 karatasi za uongo zinaleta nini.

Tatu, mkataba uandikwe kwa lugha ambayo mchezaji anaielewa, na asisaini peke yake. Sisi wa vyama tunajua kusoma mikataba. Tuwasaidie vijana hawa kama tunavyosaidiana kazini.

Nne, timu isiandike mkataba wa mchezaji ambaye haina mshahara wake wa msimu mzima. Afadhali kumi na wanane wanaolipwa kuliko thelathini wanaoahidiwa.

Mtaona kwamba hakuna hata moja kati ya haya linaloleta bao Jumapili ijayo. Tunalijua hilo. Tutafungwa tena, na pale barabarani tutachekwa tena. Lakini mtoto wa miaka 12 aliyeandikwa daftarini leo, baada ya miaka saba atakuwa na miaka 19. Tunataka siku hiyo aingie Kamarampaka na jezi ya nyumbani, mshahara wa mwezi uliopita ukiwa umekwisha kuingia mfukoni.

Hayo ndiyo maoni yetu. Mwenye maoni mengine na ayalete kwa mwakilishi wake kazini. Tutayachapa hata kama yanatupinga.